Mshahara wa Mwanagenzi

Masomo: Mwanzo 29:13–30; 31:1–9 na 36–42; Kumbukumbu la Torati 24:14–15; Ruthu 2



Mwezi huu twawaomba mfungue Biblia zenu katika kitabu cha Mwanzo, tumtazame Yakobo, si kama baba wa makabila kumi na mawili, bali kama kijana aliyefika ugenini kutafuta kazi. Tumezoea kuisoma habari hii kama habari ya ndoa ya Lea na Raheli. Lakini ukiisoma polepole utaona kwamba tangu mwanzo hadi mwisho imejaa maneno ya mshahara.

Yakobo alifika kwa mjomba wake Labani mikono mitupu. Akakaa kwake mwezi mzima kabla neno la ujira halijatajwa. Aliyelitaja kwanza ni Labani mwenyewe, na alilitaja vizuri: aliona haifai jamaa yake atumike bure, akamtaka kijana aseme anataka kulipwa nini. Ni vigumu kumpata mwajiri aliyeanza kwa maneno matamu kuliko hayo. Wakapatana miaka saba. Miaka saba ilipotimia patano likageuzwa kwa usiku mmoja, ikawa kumi na minne. Kisha ikaja sita mingine kwa ajili ya wanyama. Mwishowe Yakobo akamwambia Labani uso kwa uso kwamba katika miaka hiyo 20 mshahara wake ulibadilishwa mara kumi. Na tusisahau kwamba Labani alikwisha kukiri (30:27) kuwa baraka za nyumba yake zilikuja kwa sababu ya Yakobo. Aliijua sana thamani ya mtu wake. Alichokataa ni kuilipa.

Twaanza na Labani kwa sababu hakuwa mtu wa mbali. Alikuwa mjomba. Katika mitaa yetu vijana wengi hawaanzi kazi ya shamba kwa bwana mkubwa mwenye trekta. Huanza kwa mjomba, kwa baba mdogo, kwa jirani ambaye husali benchi moja na wazazi wao. Mtoto amemaliza shule, hana la kufanya, anachukuliwa "akasaidie". Anakula na kulala hapo. Anapalilia, anabeba maji, anakata majani ya ng'ombe. Msimu unakwisha, anapewa shati. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walisema vema, lakini methali hiyo haitaji jambo la pili: akishapewa jembe, atalipwa nini?

Sheria ya Musa imelitaja. Katika Kumbukumbu la Torati mwenye shamba anaagizwa asimwonee kibarua maskini, awe ndugu au mgeni, na ampe ujira wake siku ile ile kabla jua halijatua, kwa kuwa moyo wa maskini umeutazamia. Sababu iliyotolewa si ya hesabu, ni ya njaa. Mtu asiye na akiba hawezi kukukopesha jasho lake.

Hapa wazee wa Muheza, Korogwe na Pangani watakumbuka kipande. Mkonge uliletwa nchini na Mjerumani, Dakta Richard Hindorf, mwaka 1893, na mashamba yalipoenea yakahitaji watu wengi kuliko waliopatikana karibu. Wakaletwa watu kutoka mbali, toka Kigoma, toka kusini, hata toka Burundi, wakapewa namba, na kwa hizo namba wakaitwa manamba. Kila mmoja alikuwa na kadi yenye nafasi za siku 30. Siku aliyomaliza ngwe yake ilitiwa alama. Siku aliyougua, au aliyoshindwa kumaliza, haikuhesabiwa. Mshahara ulisubiri mpaka kadi ijae. Sasa mfikirie kijana mgeni ambaye hajazoea miiba ya mkonge, anayekata mafungu machache kuliko wenzake: kadi ya mkongwe hujaa upesi, ya kwake hujaa polepole, na aliye na njaa zaidi ndiye anayengoja zaidi. Musa aliweka mpaka wa machweo ya jua. Kipande kiliweka mpaka wa siku 30 za kazi kamili, na kama ziliishia wiki ya tano au ya sita, hiyo ilikuwa shauri ya mfanyakazi.

Kipande kimekwisha, lakini swali la mwanagenzi lingali nasi. Mwanagenzi ni mtu anayejifunza kazi. Tukubali jambo moja kwanza, ili tusionekane tunawaonea wenye mashamba: mwanagenzi hawezi kufanya sawa na fundi. Chukueni chai ya Amani na Usambara. Mchumaji hodari hukata majani mawili na chipukizi lake kwa mikono yote miwili bila kutazama. Mgeni hutazama, huchagua, hukosea, huchanganya majani magumu, na kwenye mizani karani humkatia. Tuseme, kwa mfano tu, kilo moja inalipwa sh. 100. Mkongwe akichuma kilo 60 atapata sh. 6,000. Mgeni akichuma kilo 25 atapata sh. 2,500, naye amesimama katika jua lile lile, saa zile zile, na unga wa dukani bei yake ni ile ile. Kwa hiyo malipo ya kilo peke yake hayamfai anayejifunza. Linalomfaa ni kulipwa kwa siku mpaka mikono izoee, ndipo ahamie kwenye kilo kama mwenyewe atapata zaidi. Mwenye shamba atapata hasara kidogo kwa majuma machache. Hiyo ndiyo karo ya kupata mchumaji, na ni haki ailipe yeye atakayefaidi.

Basi tunasema hivi: mshahara wa mwanagenzi unaweza kuwa mdogo, lakini sharti uwe na mwisho unaojulikana. Walimu, kwa mfano, huanza kazi kwa daraja la chini, wala hawalalamiki sana, kwa sababu wanajua kuna ngazi juu yao. Kijana wa shambani akiuliza ngazi yake iko wapi, mara nyingi hujibiwa kwa kicheko.

Lipo pia jambo ambalo twaona ni Labani hasa aliyefufuka. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamlinda mfanyakazi asiachishwe kazi bila haki, lakini ulinzi huo haumfikii aliye na chini ya miezi sita kwa mwajiri yule yule. Nia ilikuwa njema, kumpa mwajiri nafasi ya kumpima mtu. Lakini wapo wanaoajiri kwa miezi mitano, wanasema kazi imekwisha, kisha baada ya mapumziko mafupi wanawaita watu wale wale waanze upya. Utamkuta kijana aliyefanya kazi shamba moja misimu minane, na katika daftari yeye ni mgeni kila mwaka. Anawafundisha wengine kazi kwa mshahara wa anayefundishwa. Ndiyo maana ya mshahara uliobadilishwa mara kumi, ingawa tarakimu zake hazikubadilika hata mara moja.

Wengine hujibu kwamba serikali huweka kima cha chini cha mshahara, basi yatosha. Tuangalie. Kwa sekta ya kilimo amri ya mwaka 2010 iliweka sh. 70,000 kwa mwezi. Ya mwaka 2013 ikaweka 100,000. Ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ikaweka 140,000, ambazo ukizigawa kwa siku 26 za kazi ni kama sh. 5,385 kwa siku. Viwango hivi hubadilika, na atakaye kujua kinachotumika sasa aulize ofisi ya kazi. Lakini ona: kati ya amri ya 2013 na ile ya 2022 ilipita miaka tisa. Aliyeingia kwa sh. 100,000 na kuachwa hapo hapo alikuwa na ujuzi wa miaka tisa siku alipopandishwa mpaka 140,000, na kijana aliyeandikwa asubuhi ile akapewa 140,000 pia. Kima cha chini ni sakafu. Ni kazi njema ya serikali kujenga sakafu, lakini ngazi hujengwa na mwenye nyumba.

Labda mtu atatutajia mfano wa Bwana wetu katika Mathayo 20, ambapo walioajiriwa saa ya kumi na moja walilipwa dinari sawa na waliotoka alfajiri. Mfano ule ni wa neema ya Mungu, si kanuni ya kupanga mishahara. Hata hivyo yule mwenye shamba alimpa aliyechelewa riziki ya siku nzima, maana tumbo halina robo siku, wala hakuchukua senti katika haki ya wale wa kwanza ili kumlipa. Waajiri wanaoutumia mfano huu kuwabakiza wakongwe chini wameusoma kinyume.

Ruthu alikuwa mgeni, mwanamke, kijana, tena mjane. Boazi alipomwona shambani hakuishia kumruhusu kuokota masazo. Aliwaonya vijana wake wasimguse, akamwonyesha maji ya kunywa, akamketisha kula pamoja na wavunaji, akaagiza waangushe masuke makusudi aokote. Maonyo yale ya Boazi kwa vijana wake wanyapara wote wangeyasoma. Binti anayetafuta jina lake liandikwe kwenye orodha ya kesho asidaiwe kitu kingine isipokuwa kazi. Tumeyasikia mno haya, na akina mama wa mitaa wanayajua kuliko mapadre.

Kwa vijana wenyewe: kazi si aibu, lakini kazi bila maandishi ni mtego. Nunua daftari. Andika tarehe, kazi uliyofanya, kilo au ngwe, na ulicholipwa. Uliza kabla ya kuanza, kwa adabu, "Shikamoo mzee, nikishazoea kazi nitalipwaje?" Aliye chini ya miaka 14 sheria hairuhusu aajiriwe kabisa, na aliye chini ya 18 asipewe kazi ya hatari, tunaona kubeba bomba la dawa ya wadudu ni mojawapo. Mashamba makubwa yana chama cha wafanyakazi, TPAWU, na penye ugomvi ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyejifunza ufundi kwa mikono, bila darasa, asidhani ujuzi wake ni bure: VETA huwapima watu wa namna hiyo katika baadhi ya fani na kuwapa vyeti. Cheti ni ngazi moja ambayo Labani hawezi kuiondoa.

Tunaomba somo hili lizungumzwe katika vikundi vya nyumbani, Umoja wa Wamama na vijana pamoja, si mbalimbali. Nani katika kikundi chenu anaye kijana wa kazi, na kijana huyo anajua mshahara wake wa mwakani? Shamba la mtaa wenu likilimwa na vibarua, wanalipwa siku gani, na nani ameandika patano lao? Ikiwa Yakobo angefika leo kwa mjomba wake hapa kijijini, angekaa miezi mingapi kabla ya mtu kumwuliza ujira wake? Majibu ya swali la pili yaletwe kwa maandishi kwenye kikao cha halmashauri ya mtaa.