Barua zetu hazijibiwi

Swali: Tuna kituo kidogo cha watoto wenye ulemavu Morogoro, kimesajiliwa. Tumeyaandikia makampuni makubwa ya Dar es Salaam kuomba msaada, kimya. Tuanzie wapi?

Jibu: Anzieni hapo hapo Morogoro. Barua isiyo na mwenyewe huishia mapokezi. Nani kati ya wazazi au wajumbe wa bodi anamfahamu meneja wa tawi la benki, au mhasibu wa kiwanda? Huyo ndiye mlango wenu. Kupitia kwake, mwalikeni meneja au mhasibu huyo kituoni, na siku hiyo msiombe hata senti. Baadaye ombeni kitu kimoja chenye bei, tuseme viti vya magurudumu, na profoma mkononi. “Tusaidieni” halina bajeti.

Kuna hoja ya kodi, wengi huisahau: Sheria ya Kodi ya Mapato huiruhusu kampuni kuondoa kwenye mapato yanayotozwa kodi mchango wake kwa taasisi ya hisani inayotambuliwa na Mamlaka ya Mapato (TRA), kikomo asilimia 2 ya mapato ya biashara. Usajili wa NGO peke yake hautoshi. Utambuzi huo huombwa TRA.

Na mfadhili akiwa kampuni ya kamari je? Bodi iamue mapema kama itapokea fedha zake, kabla ya hundi kufika.