Damu Imtokayo Mama Baada ya Kuzaa

Somo: Mwanzo 35:16–20

Habari ya kufa kwake Raheli twaijua sote. Yakobo na watu wake walikuwa safarini, nao walikuwa karibu kufika Efrathi, Raheli aliposhikwa na utungu mzito. Mkunga alikuwapo, akamtuliza moyo. Mtoto akazaliwa, akaishi. Lakini mama akafa, akazikwa kando ya njia. Andiko halisemi ya kuwa alikufa kwa sababu ya dhambi fulani iliyofichwa, wala halimlaumu mkunga. Latuonyesha hatari ya saa ile, na huzuni ya mume aliyesimamisha nguzo juu ya kaburi.

Hatari ile haijaondoka. Shirika la Afya Duniani lakadiria ya kuwa mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 walikufa ulimwenguni kwa ajili ya mimba na uzazi. Katika Tanzania, uchunguzi wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Ule wa mwaka 2015–16 ulikuwa umekadiria 556. Twamshukuru Mungu kwa hayo. Lakini damu nyingi imtokayo mama baada ya kuzaa yangali inaua.

Yafaa tujue damu hii yatoka wapi. Kondo la nyuma likibanduka, mishipa iliyolilisha hubaki wazi. Tumbo la uzazi likijikaza, huibana mishipa hiyo kama ngumi ifungwavyo, na damu hukoma. Likilegea, au kipande cha kondo kikibaki ndani, au mahali pakichanika, damu huendelea kutoka, na mama aliyekuwa mzima aweza kufa kwa muda wa saa chache.

Kwa miaka mingi wakunga waliikisia damu hiyo kwa macho. Lakini macho hudanganya, kwa kuwa damu hunywewa na nguo na kutapakaa sakafuni. Mwaka 2023 ilitangazwa habari ya utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa wanawake zaidi ya 200,000 waliozaa kwa njia ya kawaida. Chini ya mama iliwekwa shuka ya plastiki yenye mfuko uliotiwa mistari ya kipimo. Damu ilipofika nusu lita, au dalili za hatari zilipoonekana kabla ya hapo, wakunga walitenda yote pamoja bila kungoja: kulikanda tumbo la uzazi, kumpa mama dawa ya kulikaza na dawa ya kuzuia damu, kumtia maji mshipani, kumchunguza ili waone chanzo, na kumwita mwenye ujuzi zaidi ikibidi. Mahali palipofuatwa desturi ya kwanza, akina mama 43 katika kila 1,000 walipoteza damu lita moja au zaidi, au walipasuliwa tumbo, au walikufa kwa damu hiyo. Mahali palipofuatwa njia hii walikuwa 16 tu. Wala dawa hizo hazikuwa mpya. Lililokuwa jipya ni kupima mapema na kutenda mara moja.

Basi, jambo hili latuhusu nini sisi wa usharika? Latuhusu sana, kwa maana mkunga hawezi kumpimia damu mama ambaye hajaletwa kwake.

Kwanza, wako wasemao ya kuwa utungu mgumu ni alama ya uzinzi, nao humshurutisha mama kuungama huku saa zikipita. Tuikatae desturi hii waziwazi. Mwaka 1542 Daktari Martin Luther aliandika maneno ya kuwafariji wanawake ambao mimba au uzazi wao uliharibika, akaonya wasitishwe wala kuhuzunishwa kwa maneno makali, maana halikutokea kwa uzembe wao. Mama aliye katika utungu apelekwe kwanza kwenye msaada.

Pili, mume na mke wapatane mapema juu ya nauli, chombo cha safari, na nani atakayeamua ikiwa mume hayupo. Wakunga wa jadi wasimzuie mama nyumbani, bali wamsindikize.

Tatu, hakuna kiwanda kitengenezacho damu ya mwanadamu. Mkristo mwenye afya aitoe kabla haijahitajiwa.

Nne, wako akina mama waikimbiao hospitali kwa kuogopa kukemewa. Wakunga Wakristo na wamkumbuke mkunga wa Raheli: hakuweza kumponya, lakini alisema naye kwa upole. Ninyi mnao upole ule ule, na zaidi ya hayo mnazo dawa na vipimo ambavyo yeye hakuwa navyo.

Maswali kwa waalimu na vikundi:
1. Katika mtaa wetu, mama akishikwa na utungu usiku, ni nani atakayempeleka, na kwa chombo gani?
2. Ni maneno gani husemwa kwetu juu ya mama apatwaye na utungu mgumu? Je, yapatana na Injili?
3. Ni nani kati yetu walio tayari kutoa damu, na wataitoa lini?