Lini Tuseme "A", Lini Tuseme "The", na Lini Tunyamaze

Alama nyingi za Kiingereza hupotea kwa neno lenye herufi moja tu, "a". Kiswahili hakina neno la namna hii. Tukisema "nimenunua kitabu", msikilizaji hujua kwa mazungumzo kama ni kitabu fulani au chochote. Mwingereza haliachi hivyo: husema "a book" anapokitaja mara ya kwanza, na "the book" kikishajulikana ni kipi. (Kuhusu "an", sikio ndilo huamua, si herufi: "an hour", lakini "a university".)

Kabla ya kuweka neno hilo tujiulize: je, kitu hiki Waingereza hukihesabu? Tumesema Waingereza, hatukusema sisi. Sisi tuna mkate mmoja, mikate miwili. Kwao "bread" haihesabiki, kinachohesabiwa ni "loaf": "two loaves of bread". Sisi tuna mizigo mitatu, lakini "luggage" haina wingi. "Advice", "furniture", "information" na "homework" ni hivyo hivyo, hayachukui "a" wala "s" ya wingi. Anayetaka kutaja ushauri mmoja aseme "a piece of advice". "News" lina hila zaidi, kwani lina "s" mwishoni na bado ni umoja: "The news is good."

Sisi wa madrasa tuna mtego wetu wa pekee. Tumeizoea "al" ya Kiarabu, tukadhani "the" ndiyo hiyo hiyo. Mara nyingi hulingana: "al-kitaab" ni "the book". Lakini tazameni methali tunayoijua sote, "as-sabru miftaahul-faraj". Subira imepewa "al", kwa kuwa inatajwa subira yote kwa jumla, na ufunguo haukupewa. Kiingereza hugeuza kinyume kabisa: "Patience is the key to relief." Jambo lisilohesabika likitajwa kwa jumla, tunanyamaza, hatuweki kitu: "Water is life." "The" huja pale tunapojua ni maji yapi: "The water in the tank is dirty."

Maneno mengine hubadilika maana kabisa. "Iron" ni chuma, "an iron" ni pasi. "Glass" ni kioo, "a glass" ni bilauri. Na anayeandika "I ate a chicken" amedai kwamba alimmaliza kuku mzima, labda peke yake!

Penye hatari zaidi ni "few" na "a few". Tuseme shule inaandika barua kuomba vitabu. "We have few books" ni kilio: vitabu ni vichache, havitoshi. "We have a few books" ni kusema vipo kadhaa, na msomaji huenda akaona hakuna haja ya kuleta vingine. Barua nzima imeharibiwa na herufi moja. Kwa visivyohesabika hutumika "little" na "a little", kwa tofauti ile ile: "We have little water" ni shida, "We have a little water" ni nafuu.

Zoezi: sahihisheni sentensi hizi, kila moja ina kosa moja au zaidi. "He gave me an advice about my luggages." "The honesty is important." "Mother bought two breads and a rice."