MOYO UNENEPAO KWA SIRI

Somo: 2 Wafalme 20:1-7

Katika somo hili twamwona mfalme Hezekia kitandani pake. Aliomba kwa machozi, naye Bwana akamsikia, akamwahidi miaka 15 tena. Ingedhaniwa ya kuwa neno limekwisha. Lakini Isaya, yeye yule aliyeileta ahadi, akaagiza tini ziletwe na kuwekwa juu ya jipu. Ahadi haikuiondoa dawa, wala dawa haikuipunguza ahadi. Twawaomba wainjilisti na wazee wa makanisa walishike jambo hili, maana twataka kunena habari za ugonjwa ambao katika sharika zetu za Mbulu na Hanang umetupoteza njia mara nyingi, yaani shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha.

Twaanza kwa kosa letu wenyewe. Mzee mmoja wa usharika wetu alikuwa akimeza vidonge vya presha kila siku. Akaombewa, akajisikia mzima, akasimama kanisani kushuhudia ya kwamba ameviacha. Sisi tuliokuwa mbele tukamshukuru Mungu pamoja naye, wala hatukumwuliza amepimwa lini. Baada ya miezi kadha wa kadha tuliitwa usiku. Tulimkuta ameketi kitandani, hawezi kulala kwa kukosa pumzi, na miguu imevimba hata kidole kikiibonyeza kiliacha shimo. Hospitalini alirudishiwa pumzi, lakini moyo wake haukuwa tena kama zamani. Tangu hapo tumewauliza waganga wa hospitali jinsi ugonjwa huu ufanyavyo kazi, nasi twaandika tuliyofundishwa.

Moyo ni msuli. Mtu apigaye jembe katika udongo mgumu, mkono wake hunenepa. Na moyo usukumao damu katika mishipa iliyokazana hunenepa vivyo hivyo, hasa chumba cha kushoto kipelekacho damu mwilini mwote. Lakini mfano wa jembe wafika hapo tu. Mkono wa mkulima hupumzika jioni, moyo haupumziki. Tena mara nyingi unene huu huelekea ndani, nafasi ya damu ikapungua, na ukuta ukawa mgumu usiweze kulegea na kujaa vema. Damu isiyopata nafasi husongamana nyuma, mapafuni, na hiyo ndiyo sababu mzee wetu alikesha ameketi.

Wala shinikizo halifanyi kazi hiyo peke yake. Moyo wenye afya hupata sehemu kubwa ya nguvu zake kwa kuchoma mafuta, na sehemu iliyobaki kwa sukari na vinginevyo. Moyo ulionenepa hupungukiwa na uwezo wa kuchoma mafuta, ukaegemea sukari zaidi. Lakini kwa mtu mwenye kisukari, au mwenye tumbo kubwa ambaye mwili wake hauitii vema insulini, sukari nayo huingia kwa shida. Basi moyo waona njaa katikati ya shibe. Tena insulini ikizidi katika damu huzifanya figo zishike chumvi, na shinikizo lapanda.

Jambo jingine waganga huliita mchochota. Mtu akijikata, kidonda huwa chekundu na cha moto. Chembe nyeupe za damu hukusanyika hapo kama askari, na mwisho huja kovu. Ndani ya moyo ulemewao na shinikizo jambo kama hilo hutendeka polepole, pasipo maumivu. Mafuta yaliyozunguka matumbo nayo humwaga katika damu vitu viwaitavyo askari hao, ijapokuwa hakuna adui. Mwisho wake ni nyuzi za kovu katikati ya msuli, na kovu halisukumi wala halilegei. Katika yote tuliyoambiwa, hili lilitutisha kuliko mengine, maana mwenye moyo huo aweza kuimba kwaya Jumapili asijue neno.

Wengi husema, "Huo ni uzee tu." Ni kweli kwamba wilayani Hai, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013, watu yapata 7 kati ya kila 10 wenye miaka 70 na zaidi walikutwa na shinikizo la juu, na wengi wao walikuwa hawajui. Lakini tazameni jirani zetu Wahadzabe, wa bonde la Yaeda na ziwa Eyasi. Wataalamu waliowapima waliandika mwaka 2017 ya kwamba kwao shinikizo la juu ni haba, hata kwa wenye umri mkubwa, na ya kwamba kwa siku hujishughulisha kwa nguvu yapata dakika 135. Hatusemi turudi kuchimba mizizi. Watu hao wana taabu zao. Twasema miaka peke yake haitoshi kuwa sababu. Sisi wachungaji twajua yetu: pikipiki yatuchukua, na kila nyumba tuizuruyo hutupa chai yenye sukari nyingi pamoja na maandazi, nasi hatukatai.

Chumvi ipimwe. Shirika la Afya Duniani lataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa katika vyakula. Hata magadi tunayotia katika maharage yapate kuiva upesi yana sodiamu, sehemu ile ile ya chumvi ipandishayo shinikizo.

Habari njema ni hii: vidonge vikimezwa kila siku, shinikizo hushuka, na kwa muda wa miezi unene wa moyo nao waweza kupungua. Makovu ya zamani hayaondoki upesi hivyo. Kwa hiyo mtu ajisikiaye vema huku akimeza dawa, aelewe ya kuwa dawa yafanya kazi. Kipimo cha 140 juu ya 90 au zaidi, kikirudi siku mbalimbali, ni cha kumwonyesha mganga, hata kama kichwa hakiumi.

Siku hizi, mtu wa usharika wetu akitaka kushuhudia kwamba ameponywa presha, twaomba pamoja naye, kisha twamsindikiza kupimwa, katika zahanati iliyo karibu au katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955. Mama mmoja alirudi na hesabu nzuri sana. Alishuhudia Jumapili iliyofuata, akiwa na vidonge vyake ndani ya kibweta, navyo akatuonyesha.