Sarufi ya Dai: Sayansi na Uvumi katika Mazungumzo ya Tiba, Chakula na Mbegu, Moshi na Miteremko ya Kilimanjaro

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu bioteknolojia, chakula na tiba kwa kawaida huachiwa madaktari na wataalamu wa kilimo. Mwanaisimu haalikwi, na akialikwa huombwa kutafsiri istilahi tu. Makala haya yanadai kwamba anayo kazi kubwa zaidi ya hiyo. Taarifa ya sayansi na uvumi humfikia mkulima wa Kibosho na muuguzi wa Moshi mjini kwa lugha moja, na aghalabu kwa maneno yale yale. Swali tunalokusudia kulichunguza ni hili: je, sarufi na msamiati wa Kiswahili vina alama zinazoweza kumsaidia msikilizaji kulitenga dai linaloweza kupimwa na dai lisiloweza kupimwa?

Tutajadili alama nne: -a unganifu, kauli ya kutendeka, kiambishi hu-, na msamiati wa "asili" na "kisasa". Yafaa ielezwe tangu mwanzo kwamba sarufi haiamui ukweli wa jambo. Inachoweza kufanya ni kuonyesha mahali ambapo ushahidi unatakiwa na haukutolewa.

2.0 -a unganifu na jina la chanjo

Tuanze na mifano ya kawaida:

(1) a. dawa ya macho
b. dawa ya panya
c. dawa ya kahawa
d. dawa ya chulebuni

Katika (1a) dawa huponya macho. Katika (1b) huua panya. Umbo la kirai ni lile lile. Katika vihamba vya Kilimanjaro (1c) na (1d) huweza kuwa kitu kimoja, yaani mrututu ule ule ndani ya bomba lile lile, ingawa kahawa hulindwa na chulebuni hupigwa vita. Ni dhahiri kwamba -a unganifu husema tu kuwa vitu viwili vinahusiana, haisemi vinahusianaje. Pengo hilo msikilizaji hulijaza kwa ujuzi wake wa ulimwengu. Kwa panya na macho ujuzi huo upo. Kwa jambo geni haupo, na hapo ndipo uvumi hupata nafasi.

Chanjo dhidi ya virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa kwa wasichana wa Mkoa wa Kilimanjaro mwaka 2014, kabla ya kuenezwa nchi nzima Aprili 2018. Jina lake kamili ni refu, na jina refu mdomoni hufupishwa. Likifupishwa kuwa "chanjo ya mlango wa kizazi", au "chanjo ya kizazi", neno "saratani" hutoweka na mahali pa ugonjwa pakachukuliwa na kiungo. Aidha, "kizazi" ni neno lenye maana pana: ni mji wa mimba, na pia ni uwezo wa kuzaa. Kwa kufuata mfano wa "dawa ya panya", kirai hicho huweza kueleweka kuwa ni chanjo ya kukomesha uzazi. Hofu ya utasa imesikika mahali pengi duniani ambako chanjo hii imetolewa, kwa hiyo hatuwezi kudai kwamba Kiswahili ndicho kilichoizaa. Tunachodai ni kwamba jina lililofupishwa huipa hofu hiyo makao. Uchunguzi wa kitabibu haukuonyesha kwamba chanjo hii huzuia uzazi. Kinachoweza kumwondolea mwanamke uwezo wa kuzaa ni saratani yenyewe, ambayo mara nyingi hulazimu mji wa mimba kuondolewa au kuchomwa kwa mionzi.

Kuna neno la pili lililoleta utata, nalo ni "majaribio". Mpango wa mwaka 2014 ulikuwa wa majaribio kwa maana kwamba kilichojaribiwa ni namna ya kuifikisha chanjo kwa walengwa. Chanjo yenyewe ilikwisha kuidhinishwa katika nchi mbalimbali tangu mwaka 2006. Lakini "chanjo ya majaribio" husikika pia kama chanjo isiyojulikana, na mtoto huonekana kuwa kifaa cha mtafiti. Mzazi anayekataa kwa sababu hiyo si mjinga. Amefasiri sentensi kama sarufi ilivyomruhusu.

3.0 Mtenda asiyekuwapo

Tazama sentensi hizi:

(2) a. Imethibitika kwamba mahindi haya yana madhara.
b. Imethibitishwa na watafiti kwamba mahindi haya yana madhara.
c. Watafiti walilisha panya mahindi haya kwa miaka miwili.

Katika Kiswahili sanifu, kauli ya kutendwa huruhusu mtenda atajwe baada ya "na", kama katika (2b). Kauli ya kutendeka hairuhusu: *imethibitika na watafiti. Kwa hiyo msemaji wa (2a) hakusahau kumtaja mtenda. Amechagua umbo lisilompa nafasi. Ndiyo maana "imegundulika", "imebainika" na "inajulikana" hupendwa sana na waenezaji wa uvumi. Kwa haki, wanasayansi nao huzipenda. Msikilizaji anayeigeuza (2a) kuwa (2b) na kuuliza "na nani?", kisha kuigeuza kuwa (2c) na kuuliza "walifanya nini?", amekwisha kufanya nusu ya kazi ya mhakiki.

Hata hivyo ni nusu tu. Septemba 2012 Gilles-Éric Séralini wa Ufaransa na wenzake walichapisha katika jarida la kitaalamu utafiti wenye mtenda, kitendo na muda: panya 200 waliolishwa kwa miaka miwili, baadhi yao mahindi yaliyobadilishwa vinasaba. Novemba mwaka huo serikali ya Kenya ilipiga marufuku uingizaji wa vyakula vya aina hiyo. Wahakiki walionyesha kwamba kila kundi lilikuwa na panya 10 tu wa kila jinsi, na kwamba panya wa ukoo ule hupata uvimbe kwa wingi wanapozeeka hata wakilishwa chakula cha kawaida. Mwaka 2013 jarida liliiondoa makala hiyo kwa hoja kwamba matokeo yake hayakutosha kufikia hitimisho; waandishi walipinga, na mwaka 2014 wakaichapisha katika jarida jingine. Baraza la Mawaziri la Kenya liliondoa marufuku Oktoba 2022. Funzo hapa ni kwamba sentensi iliyokamilika haimaanishi ushahidi uliokamilika. Lakini ni ukamilifu huo uliowawezesha wahakiki kuhesabu panya. Sentensi (2a) haina hata panya wa kuhesabiwa.

4.0 Kiambishi hu- na kikombe cha Loliondo

Kiambishi hu- hakichukui kiambishi cha nafsi wala cha wakati. "Hupona" ni mmoja au elfu, jana au kesho. Umbo hili linafaa sana kwa methali. Kwa taarifa ya tiba ni hatari, kwa kuwa huficha idadi: wangapi walikunywa, na wangapi walipona?

Mwaka 2011 maelfu ya watu, wakiwamo wa Moshi, walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Dawa ilitokana na mizizi ya mti wa mugariga, na ilidaiwa kutibu UKIMWI, kisukari, saratani, shinikizo la damu na pumu. Dai lilienea kwa umbo la "ukinywa hupona". Ndani yake mna tatizo la hu-, na pia la kitenzi chenyewe. "Kupona" hujumlisha kupata nafuu, kunusurika na kuondokewa kabisa na ugonjwa. Pumu huja na kwenda. Shinikizo la damu laweza kukaa bila dalili. Mgonjwa huweza kusema kwa unyofu kwamba amepona, ilhali kipimo kinasema vingine. Wapo waliokunywa kikombe wakaacha dawa zao za UKIMWI. Kwao utata wa kitenzi kimoja ulikuwa suala la uhai.

Linganisha na istilahi "dawa za kufubaza virusi". Kinachofubazwa hakijafa, dawa ikikoma, makali hurudi. Istilahi hii inaeleza kazi ya dawa na pia mpaka wake. "Dawa ya UKIMWI" haielezi lolote kati ya hayo.

5.0 "Asili", "kisasa" na "maabara"

Katika usemi wa kila siku, "-a asili" hubeba maana mbili: -a jadi na -a maumbile. Kisha huongezwa ya tatu isiyothibitishwa: salama. Msesewe unaotiwa katika mbege, ambao kitaalamu huitwa Rauvolfia caffra, una kemikali zenye nguvu. Mmea wa jamii yake kutoka India ndio uliotoa reserpini mwaka 1952, dawa iliyotumika sana kushusha shinikizo la damu. Kwa hiyo "asili" na "kemikali" si vinyume. Vivyo hivyo, kuvu wanaoota katika mahindi yasiyokaushwa vizuri ni wa asili kabisa, na sumu yao iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Neno "sumukuvu" lililoenea nchini ni mfano bora wa uundaji istilahi: chanzo na hatari vimo katika neno moja.

Upande wa pili, "mbegu za kisasa" na "za maabara" huchanganya vitu vilivyo tofauti. Miche ya kahawa inayostahimili chulebuni, iliyotolewa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania huko Lyamungu, ni chotara: imetokana na kuchavusha aina moja kwa nyingine, kisha huzalishwa kwa njia kama vikonyo na kubebesha. Haikupandikizwa kinasaba katika maabara. Mahindi ya kustahimili ukame yaliyojaribiwa Makutupora, Dodoma, tangu mwaka 2016 hadi serikali iliposimamisha majaribio Novemba 2018, yalikuwa yamepandikizwa. Mtu anaweza kuyakubali yote mawili, kuyakataa yote, au kuchagua moja. Lakini akiwa na neno moja kwa yote mawili, hana namna ya kuchagua.

6.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba pengo kati ya sayansi na uvumi hujengwa kwa sehemu katika sarufi. Mapendekezo mawili yanafuata. Kwanza, waundaji wa istilahi walijaribu jina katika umbo lake fupi kabla ya kulitangaza, kwa kuwa hilo ndilo litakaloishi. "Kinga ya saratani" ingestahimili ufupisho kuliko "chanjo ya mlango wa kizazi". Pili, wanafunzi wa uzamili wakusanye data za wazungumzaji wa Kichaga na Kiswahili ili ijulikane kama utata tuliouchambua hupungua au huongezeka dai linapovuka kutoka lugha moja hadi nyingine. Kazi hiyo haitachukua nafasi ya maabara. Itahakikisha tu kwamba kilichopatikana maabara ndicho kinachofika kihambani.