Kabla hujanunua mashine ya kufyonza vumbi, pita kwa waosha magari

Ukitaka kujua mashine ipi ya kufyonza vumbi itadumu, usianze na muuza duka. Anza na vijana wa kuosha magari. Karibu kila mtaa wa Dar es Salaam una kituo cha kuoshea magari, na pale utakuta pipa la kufyonzea vumbi linalonguruma tangu asubuhi mpaka jua linazama. Linavuta mchanga wa ufukweni, maganda ya karanga, nywele, na maji yaliyomwagika kwenye kapeti za gari. Mashine ya nyumbani, inayotolewa stoo mara moja moja kwa wiki, haitakutana na kazi ya namna hiyo. Vijana hao hawana cha kukuuzia, na wanajua nini huharibika kwanza.

Swali langu kwao lilikuwa hilohilo: kipi hufa kabla ya kingine? Kila nilipopita, jibu halikutofautiana sana. Mpira hupasuka pale unapoungana na mkono wa kushikia, kwa sababu ndipo unapokunjwa kila siku. Kisha swichi. Kisha kaboni za mota. Mota yenyewe huungua kwa uzembe zaidi kuliko kwa uzee. Mmoja wao alinionyesha mpira uliozungushiwa tepu nyeusi ya umeme, akasema, "Dada, usinunue mashine ambayo mpira wake huupati Kariakoo." Nimesoma mengi kuhusu mashine hizi tangu siku hiyo, na bado hilo ndilo sharti langu la kwanza. Mashine ya bei nafuu ni ile ambayo vipuri vyake unaweza kuvinunua mjini kwako na fundi wa mtaani anaweza kuifungua.

Lakini kwanza jiulize kama unaihitaji. Nyumba ya vigae vitupu, isiyo na zulia wala makochi ya kitambaa, inatoshwa na ufagio laini na kupiga deki. Sisi tuna zulia sebuleni, makochi ya kitambaa, magodoro, na mbele ya nyumba inapita barabara ya vumbi. Tuna pia mtoto wa dada yangu mwenye pumu. Ukifagia zulia kwa ufagio wa chelewa wakati wa kiangazi, vumbi linapanda hewani, linatua kwenye makochi, na usiku mtoto anakohoa. Ndani ya vumbi la nyumbani kuna utitiri, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, wanaoishi kwa kula mabaki ya ngozi yetu. Hawanywi maji, wanayapata kutoka kwenye unyevu wa hewa, na ndiyo maana wanastawi kwenye pwani yetu yenye hewa nzito. Kinachowasumbua wenye pumu hasa ni kinyesi chao. Mashine haiwamalizi, kwa hiyo shuka na foronya za mtoto tunaendelea kuzifua kwa maji ya moto ya nyuzi 60. Na wakati wa kufyonza mtoto hukaa nje, maana hata mashine nzuri hutimua vumbi kidogo inapopita.

Sasa habari ya wati, ambayo ndiyo huandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote kwenye boksi. Wati zinakuambia mashine inakula umeme kiasi gani. Hazikuambii inavuta kiasi gani. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha wati 1600 kwa mashine za nyumbani mwaka 2014, ukakishusha hadi wati 900 mwaka 2017, na nyumba za huko hazikujaa vumbi. Watengenezaji walirekebisha umbo la brashi, wakaziba njia za hewa zilizokuwa zikivuja, mota zikaboreshwa. Kwa hiyo ukiona boksi la wati 2400 limekaa jirani na la wati 1400, usidhani moja ni karibu maradufu ya jingine. Geuza mashine usome kibati kilichobandikwa chini yake, kwa kuwa mara nyingi namba ya pale huwa ndogo kuliko ya kwenye boksi, na ya kuaminika zaidi. Kama wameandika nguvu ya mvuto kwa kilopaskali, hiyo ina maana zaidi. Kwa mashine ya waya, mimi natafuta kuanzia 18 kwenda juu. Halafu piga hesabu ya LUKU: wati 1400 kwa nusu saa ni yuniti 0.7. Kwa aliye kwenye daraja la TANESCO la matumizi madogo, lenye kikomo cha yuniti 75 kwa mwezi, wati zisizo na kazi ni fedha inayotoka mfukoni.

Kwenye kibati hichohicho soma volti. Umeme wetu ni volti 230. Mashine za mtumba kutoka Japani zimetengenezwa kwa volti 100, na za Marekani kwa volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani inanguruma kwa hasira sekunde chache, halafu inatoka harufu ya kitu kilichoungua. Mtumba wa Uingereza hauna shida hiyo, kwani volti ni zetu na plagi yake ya miguu mitatu ni kama yetu. Ukikutana na Henry, lile pipa jekundu lenye uso unaotabasamu, lishike vizuri ulikague. Kampuni ya Numatic imekuwa ikilitengeneza tangu miaka ya 1980 bila kubadilisha sana umbo lake, na halina mambo mengi ya kielektroniki ya kumshinda fundi.

Tofauti ambayo wauzaji hawaisemi, na ambayo kwangu ndiyo iliyoamua, ni namna mota inavyopozwa. Mashine nyingi ndogo za kukokota hupoza mota kwa hewa ileile inayofyonzwa. Hewa inaingia kwa brashi, inaacha vumbi mfukoni, inapita kwenye chujio, halafu inapita katikati ya mota ndipo itoke. Chujio likiziba, mota inakosa pumzi. Utaisikia: mlio unapanda, unakuwa mwembamba na mkali. Watu wengi hudhani imeongeza nguvu. Kumbe imezidisha mzunguko kwa sababu haina hewa ya kusukuma, na inachemka. Zenye kikata joto hujizima zenyewe. Zichomoe, safisha chujio, ziache zipoe, zitawaka tena. Zisizo nacho ndizo zinazoishia kwa fundi zikinuka. Mapipa ya kufyonza vumbi na maji kwa kawaida yamepangwa vingine: mota ina feni na tundu zake za kupozea, kando ya njia ya uchafu, kwa sababu hewa yenye maji haiwezi kuachwa ipite juu ya nyaya. Ndiyo sababu mapipa yanavumilia kule kwa waosha magari, na ndiyo sababu nilichagua pipa.

Langu ni la lita 20, na nililipata kwa chini ya laki tatu. Lina kelele, sitaficha. Mtu akiwa kwenye simu inabidi atoke barazani. Ni pana pia, halipiti vizuri kati ya kitanda na kabati. Ila mvua za masika zilipoingiza maji sebuleni, pipa lilifyonza maji yote kabla hayajafika kwenye miguu ya kabati. Ukifanya hivyo, ondoa kwanza mfuko na chujio la vumbi, weka sponji lake. Ndani kuna boya linalopanda na maji na kuziba njia pipa linapojaa. Mlio ukibadilika ghafla, zima, mwaga, endelea.

Kuhusu chujio, neno HEPA limechapwa kwenye maboksi mengi kuliko linavyostahili. Chujio la HEPA la daraja la H13 linatakiwa kunasa angalau asilimia 99.95 ya chembe ndogo za ukubwa ule unaopenya kirahisi kuliko wote. Tafuta daraja hilo limeandikwa. Maneno kama "mfano wa HEPA" hayana kipimo chochote nyuma yake. Hata chujio halisi halisaidii kama mfuniko umekaa vibaya na hewa inatokea pembeni, kwa hiyo kagua ule mpira mwembamba unaozunguka mfuniko: uwe laini, mzima, usiojikunja mahali. Nyumbani kuna jaribio rahisi. Usiku, zima taa, fyonza zulia, huku mwenzako anamulika tochi kwa ubavu mbele ya tundu la kutolea hewa. Kama vumbi linapita, utaliona linameta kwenye mwanga.

Mfuko au kikombe? Mashine za kikombe cha plastiki, zinazozungusha hewa kama kimbunga, zinavutia kwa kuwa hununui mifuko. Kwa nyumba isiyo na mgonjwa ni sawa kabisa. Sisi hatukuweza, kwa sababu kumwaga kile kikombe ni kulirudisha vumbi usoni. Mfuko unautoa ukiwa umefungwa na unaingia moja kwa moja kwenye taka. Shida ya mfuko ni upatikanaji, kwa hiyo siku unanunua mashine, nunua na pakiti za mifuko hapohapo dukani. Kama duka linalouza mashine halina mifuko yake, hiyo ni habari tosha kuhusu mashine hiyo. Pipa langu linakubali mifuko ya aina zaidi ya moja, na bomba lake ni la milimita 35, kipimo cha kawaida, kwa hiyo brashi ya kampuni nyingine inaingia. Pima kipenyo hicho kwa rula kabla hujalipa.

Siku moja pipa lilianza kukatakata, na harufu ya umeme ikatoka. Nikalibeba hadi kwa fundi. Alifungua skrubu za kifuniko cha juu, akafika kwenye mota, akachomoa vipande viwili vyeusi vilivyobaki vifupi, kila kimoja na springi yake ndogo nyuma. Vilipokuwa vipya vilikuwa na urefu wa pingili ya kidole, sasa vilikuwa kama punje ya mahindi. "Mama, mota haijafa. Kaboni zimekwisha tu," akasema. Hivyo vipande ndivyo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, na vimetengenezwa vilike ili shaba inayogusana navyo isilike. Aliweka vipya, akasugua shaba iliyokuwa na weusi, akaliwasha lizunguke bila mzigo kwa muda ili kaboni zijikalie. Gharama ilikuwa ya vocha, si ya mashine. Jirani yangu alikuwa na mashine nzuri kwa sura, iliyogandishwa kwa plastiki bila skrubu hata moja. Kaboni zilipoisha, fundi hakuwa na pa kuingilia bila kuipasua.

Basi ukiwa dukani, omba iwashwe. Duka lisilokubali kuwasha, ondoka. Ziba mdomo wa mpira kwa kiganja: ngozi ivutwe mara moja, na mlio upande bila kutetemeka. Legeza kiganja, sikiliza kama kuna sauti ya kukwaruza ndani, dalili ya beringi. Kunja mpira karibu na mkono uone kama unarudi au unabaki na alama. Vuta waya wote, upime urefu. Waya wa mita tano utakulazimisha kutumia ekstensheni, na ekstensheni nyembamba ikipitisha wati 1400 huwa ya moto. Uliza kaboni na mpira vinapatikana kwenye duka gani, kwa jina la mtaa. Kisha dai risiti ya EFD na waranti iliyogongwa muhuri na tarehe, kwa sababu bila hizo mazungumzo ya kurudisha huwa mafupi.

Mashine za fimbo zinazotumia betri ni nyepesi na zinafanya kazi umeme ukikatika. Kwa chumba kimoja au gari lako ni sawa. Lakini zikiwekwa kwenye nguvu ya juu kabisa, nyingi humaliza chaji kwa dakika chache, na betri ikichoka baada ya miaka kadhaa, bei ya mpya ni sehemu kubwa ya bei ya mashine. Uliza betri hiyo inauzwa wapi hapa nchini. Roboti sizungumzii sana: nyumba zetu zina vizingiti, mazulia yenye shada, na mchanga mwingi kuliko kikombe chake kinavyoweza kubeba.

Baada ya kununua, kazi ni ndogo. Chujio langu napiga vumbi nje kila baada ya matumizi. Likioshwa, linakauka kivulini siku nzima kabla ya kurudi, kwa sababu chujio bichi huota ukungu na harufu yake haitoki. Chini ya brashi hujiviringisha nywele za kusukia na nyuzi za zulia. Zikate kwa mkasi, usizing'oe. Mpira uning'inize, usiukunje ndani ya pipa. Vumbi la saruji na jasi baada ya ujenzi lifagie likiwa limenyunyiziwa maji kwanza, maana linaziba chujio la kawaida papo hapo. Na majivu ya jiko la mkaa usiyaingize kabisa, hata yaliyolala usiku kucha: kaa moja lililo hai chini ya majivu likipata upepo wa mashine linawaka tena, na pale lilipo limezungukwa na karatasi na vumbi kavu.