Unyayo wa Bandia wa Zamani: Utambue Kabla ya Kuubeba Nyumbani

Safari hii somo letu limetokana na begi. Mwenzetu mmoja anayekaa hapa Braamfontein alipewa unyayo wa bandia uliokwisha kutumika, ampelekee mjomba wake Tanga likizo ya Desemba. Mjomba mguu anao, ila unyayo wake umechakaa. Je, huu utamfaa? Jamani, tusibebe kwa huruma tu. Tukague.

Kwanza, bonyeza kisigino, kisha jaribu kukunja kifundo. Kifundo kikigoma kabisa lakini kisigino kinabonyea kama sponji, huo ni SACH, uliobuniwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, miaka ya 1950. Ndani una kiini kigumu, mara nyingi cha mbao. Kama kifundo kinapanda na kushuka tu, kina bawaba moja, na vipande vya mpira ndani vya kupunguza kishindo. Ukisikia ko-ko-ko kila hatua, kagua mpira, huenda umeisha. Kikicheza na pembeni pia, ni cha pande nyingi. Unyayo wa mpira wenye vidole, unaoweza kukanyaga chini bila kiatu, huenda ni Jaipur, wa India, uliobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Na ukiona bapa jeusi la kaboni lililopinda, hiyo ni familia ya Flex-Foot, kazi ya Mmarekani Van Phillips miaka ya 1980.

Pili, tazama juu, pale unapoungwa. Miguu mingi ya zamani ina muundi wa mbao au plastiki ngumu, ganda lenyewe ndilo linabeba uzito, na unyayo umefungwa kwa bolti moja. Mingine ina bomba ndani, na kichwa kidogo cha chuma kama piramidi kinachobanwa na skrubu 4. Mtindo huo ni wa Otto Bock, Ujerumani, tangu 1969. Hapa pana mtego: bolti za Ulaya mara nyingi ni milimita 10, za Marekani inchi 3/8, yaani karibu milimita 9.5. Kwa macho ni pacha, lakini meno hayaoani. Ukilazimisha, bolti itaachia mtu akiwa barabarani.

Tatu, soma namba. 26 kwa kawaida ni urefu kwa sentimita. L ni kushoto, R ni kulia. Pia weka unyayo mezani uone urefu wa kisigino: uliotengenezwa kwa ajili ya kiatu utamsukuma nyuma mvaa kandambili.

Nne, umri. Sponji huoza kwa joto na unyevu hata kama unyayo umekaa kabatini tu. Ikimeguka ukiikwaruza kwa ukucha, usiubebe.

Basi, tulipofungua begi tukakuta SACH, 26, L, bolti ya inchi. Mjomba alikatwa mguu wa kulia! Mwenzetu akabaki ameduwaa. Tukamshauri apige simu nyumbani, apate picha ya bolti ya mjomba, namba na upande, aitume kwa fundi wa viungo bandia kabla ya kutafuta mwingine. Kule KCMC Moshi kipo chuo cha mafundi hao, TATCOT, tangu 1981. Kuunga na kunyoosha mguu ni kazi yao. Yetu ni kupeleka kitu kinachofaa.